Mwili wa Milimita Mbili

Chini ya jani la mpapai lililovamiwa na vidung'ata, weupe wote unafanana. Vidung'ata wenyewe wamejivika nta ya ungaunga, wamejipanga kando ya mishipa ya jani, wananyonya. Katikati yao huweza kuwemo buu mwenye nta nyeupe vilevile, nyuzi zake zimesimama mgongoni, ambaye hanyonyi jani hata kidogo. Yeye anawala vidung'ata. Ni mtoto wa mbawakawa mdogo wa jenasi ya Scymnus, wa ukoo mmoja na wale wekundu wenye madoa meusi ambao watoto hupenda kuwatembeza mkononi. Akishakua kwa kawaida hazidi milimita 3, na spishi nyingi huishia kwenye 2 au pungufu. Nitamsoma kama usomwavyo utungo: nitaangalia umbo lake sehemu kwa sehemu na kuuliza kila sehemu inamfanyia kazi gani, tena mbele ya nani. Dai langu ni moja. Hakuna alama hata moja katika mwili huu inayosomeka ikiwa peke yake.

Ninamsomea Kariakoo, mahali ambapo ungedhani hana nafasi. Nyumba za Kiswahili zilizokuwa na ua nyuma, na ndani ya ua mpapai au mstafeli, zimepisha maghorofa, na kijani cha katikati ya jiji kimebaki vipande vipande: miti ya Mnazi Mmoja, Bustani ya Mimea ambayo Wajerumani waliianzisha mwaka 1893, makopo ya maua barazani. Lakini Kariakoo ndiko mazao ya mashambani yanakoingilia jijini, na ndiko dawa za mashambani zinakotokea. Mboga za majani hufika zikiwa bado na alama za wadudu. Mkulima wa Mkuranga au Kibaha huja kununua mbegu na viuatilifu katika maduka ya pembejeo yaliyo kwenye mitaa inayolizunguka soko. Hatima ya mbawakawa aliye shambani Kibaha inaweza kuamuliwa juu ya kaunta ya Kariakoo, kwa maneno machache baina ya watu wawili ambao hata hawamtaji.

Wengi tukimwona mbawakawa wa ukoo huu huanza na madoa. Tuna mwalimu wa zamani. Carl Linnaeus, katika toleo la mwaka 1758 la Systema Naturae, aliwapa majina kwa kuhesabu: wa madoa 2, wa madoa 7, wa madoa 22. Ni njia nyepesi kufundisha na inampa ujasiri anayeanza. Tatizo ni kwamba mbawakawa yuleyule wa madoa mawili anaweza kuwa mwekundu mwenye madoa meusi au mweusi mwenye madoa mekundu, na wote wawili wakawa ndugu wa tumbo moja. Harmonia axyridis, mgeni kutoka Asia ambaye wataalamu walitangaza mwaka 2011 kwamba amepatikana Kenya, ana sura zaidi ya mia moja: za madoa mengi, za madoa machache, zisizo na doa, nyeusi karibu yote. Ukihesabu utapata jibu kila mara, na mara nyingi jibu hilo halitakuambia uliyemshika ni nani.

Ndivyo tunavyofundisha ushairi pia, na jambo hili linaniuma. Mwanafunzi huhesabu mizani, hupanga vina, huandika kwamba shairi ni la kimapokeo, na uhakiki umekwisha kabla haujaanza. Sheikh Kaluta Amri Abedi, ambaye mwaka 1954 alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, aliziandika sheria zake kwa ajili ya watunzi, kama jina la kitabu linavyosema. Sisi ndio tulioziazima tukazifanya mwisho wa kusoma. Idadi ya mizani inakueleza nafasi aliyojipa mshairi; haikuelezi aliitumiaje.

Basi tuirudie rangi kwa kuuliza inasema na nani. Katika bustani nyingi za Afrika Mashariki utakutana na mbawakawa wa jenasi ya Cheilomenes, mkubwa kidogo, ganda jeusi linalong'aa na mabaka ya njano, ya machungwa au mekundu. Mabaka hayo hayakuandikiwa sisi. Yameandikiwa ndege. Akibanwa, mbawakawa wa namna hii hukunja miguu na kutoa kwenye magoti matone ya damu ya njano yenye alkaloidi chungu. Ndege aliyeonja mara moja hukumbuka, na kinachomkumbusha ni ule mgongano wa rangi. Kwa hiyo doa pekee halina nguvu yoyote. Nguvu yake iko katika uchungu uliofichwa ndani ya goti na katika kumbukumbu ya msomaji aliyewahi kuumia. Rangi, damu na kumbukumbu ni sentensi moja. Ukiondoa kimojawapo, zilizobaki ni mapambo.

Scymnus hana sentensi hiyo. Wengi wao ni kahawia au weusi uliopoa, bila doa la kupigia kelele. Kwa muda mrefu vitabu vya picha vimewapita mbio kwa sababu hiyo, kana kwamba ukoo mzima ulijaliwa mtindo kisha hawa wakasahauliwa. Sikubaliani. Kwa mwili wa milimita 2, ndege si msomaji wa kwanza tena. Wanaomkaribia kila saa, wanaomgusa na kumpima, ni chungu. Na chungu husoma kwa harufu na kwa kugusa zaidi kuliko kwa rangi. Utungo huu umebadilisha hadhira, na kwa hiyo umebadilisha fani. Kuulaumu kwa kukosa wekundu ni kumlaumu mtunzi wa utenzi kwa kutoandika tamthilia.

Anayechagua khanga Mtaa wa Uhuru haangalii mji peke yake. Huikunjua, hufuata pindo linavyozunguka, hulitafuta jina, kisha macho humrudi katikati, na mji uliokuwa wa kawaida unaanza kuwa na maana nyingine. Mbawakawa huyu anadai jicho la namna hiyo. Mji wa mgongo wake ni mtupu. Pindoni, kwenye ncha ya nyuma ya mabawa magumu, spishi nyingi zina ukanda mwembamba wa rangi hafifu, njano iliyochujuka au wekundu wa udongo, na kwa jicho lisilo na lenzi ukanda huo unaonekana kama umbo linaishia mapema kuliko linavyoishia. Hata hapo hujafika kwenye jina. Wanaozitenganisha spishi za Scymnus humlaza mdudu chali, hutazama mistari iliyopinda juu ya tumbo nyuma ya miguu, kisha humpasua dume na kulinganisha viungo vya uzazi. Mwenye kuishia mgongoni hawezi kumtaja kwa uhakika.

Juu ya mgongo huo mtupu kuna vinyweleo laini vilivyolala upande mmoja kama malaika ya ngozi ya mtoto. Hapa nataka kukaa, kwa kuwa vinyweleo hivi ndivyo vinavyovunja kanuni ambayo wakulima wengi wameipokea kwa nia njema.

Ndani ya ukoo huu, ambao una spishi zipatazo 6,000, kuna tawi lililoacha nyama. Epilachna na jamaa zake hula majani: ya maboga, ya matango, ya matikiti, ya mnavu. Nao ni wa duara, wa machungwa au wekundu wa matofali, wenye madoa meusi mengi. Mwenye kuhesabu madoa atawaweka kundi moja na marafiki. Kwa hiyo mtaalamu wa kilimo humwonyesha mkulima tofauti nyingine: anayeng'aa ni rafiki, mwenye vinyweleo, ambaye kwa hivyo amefifia, ni mharibifu. Kwa wadudu wakubwa wanaokutwa kwenye mboga, kanuni hii inafaa sana. Ila Scymnus naye ana vinyweleo. Naye amefifia. Akipimwa kwa kanuni hiyo atahukumiwa pamoja na mla maboga, ilhali hajawahi kulionja jani.

Je, kanuni ni mbovu? La. Imekatwa tu kutoka kwenye jirani zake. Vinyweleo juu ya mwili wa milimita 7 wenye madoa kumi na zaidi, kwenye jani la boga lililokwanguliwa likabaki na mishipa na ngozi nyembamba, vinasema jambo moja. Vinyweleo hivyohivyo juu ya mwili wa milimita 2, kwenye jani ambalo halina jeraha ila lina vidukari, vinasema jambo jingine. Ukubwa, kinyweleo na hali ya jani husomwa kwa pamoja. Jani ndilo ushahidi ninaouamini kuliko wote, kwa kuwa mdudu anaweza kuruka akaenda zake, lakini alichokifanya kinabaki kimeandikwa.

Hata jani lakini lina ujanja wake, na wauza mboga wa Kariakoo wanaujua. Kabla ya moto wa Julai 2021 kulichoma soko kuu na wafanyabiashara kutawanywa katika masoko mengine, shimoni mwa jengo lile palikuwa na mafungu ya kila aina ya jani, na maneno ya pale bado yanasikika leo katika genge lolote la jiji. Mnunuzi anashika fungu la majani ya maboga, analigeuza. «Mama, mbona yametobokatoboka?» Na mama muuzaji, huku ananyunyiza maji, anajibu: «Hayo ndiyo ya kula, mwanangu. Hayajapigwa dawa.» Ni usomaji wa kweli, tena una hekima: mahali mdudu alipoishi huenda sumu haikupita. Lakini tundu halizibiki baada ya dawa kupigwa. Mkulima aliyeona uharibifu Jumatatu akapulizia Jumanne atavuna majani yenye matundu na sumu pia. Tundu linathibitisha kwamba mdudu alikuwepo. Halisemi lolote juu ya kilichofuata. Tena alama moja, tena maana mbili zinazopingana, na kinachoamua ni mfuatano wa mambo ambao jani halikuuhifadhi.

Umbo la kuba nitalipitia kwa haraka, maana limesifiwa vya kutosha. Beda Amuli alipobuni Soko la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, aliliezeka kwa vipande vya zege vinavyotanuka kuelekea juu, ili mvua ikusanyike katikati na kuteremshwa chini. Ni paa linalopokea. Mgongo wa mbawakawa umefuata njia ya kinyume: umebinuka juu na kushuka pande zote hadi ukingo wake ukagusana na jani, na miguu pamoja na vipapasio hufichwa chini, kwenye tumbo bapa. Chungu anayekuja na meno wazi hukuta mteremko usioshikika. Paa la Amuli na kuba la mbawakawa yote mawili ni maganda membamba yaliyopata nguvu kwa kupinda, lakini moja linaita na jingine linafukuza. Hivyo hata neno kuba halitoshi mpaka tuseme linaelekea wapi.

Chini ya kuba kuna mabawa mengine, yale ya kurukia, marefu kuliko ganda linaloyafunika. Hukunjwa kwa namna ambayo watu hawakuweza kuiona waziwazi, kwa kuwa mdudu hufunga ganda kwanza ndipo amalizie kukunja ndani. Mwaka 2017 Kazuya Saito na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tokyo walichapisha matokeo ya kazi ya kupendeza: walimtoa mbawakawa wa madoa saba kipande cha ganda, wakambandikia kingine kinachopitisha mwanga, wakatazama. Waliona ganda lenyewe na mienendo ya tumbo vikiyaongoza mabawa kuingia kwenye mikunjo yake. Napenda tokeo hilo kwa sababu linaondoa mpaka kati ya kifuniko na kinachofunikwa. Tuliozoea kuandika fani upande mmoja wa ukurasa na maudhui upande mwingine tulitazame vizuri ganda hilo: limepinda hivyo kwa sababu ya kinachokunjwa ndani yake, na kilicho ndani kinakunjika hivyo kwa sababu ya mpindo wa ganda.

Sasa ile nta ya buu, ambayo ndiyo kiini cha utungo huu.

Ukimwona buu mweupe katikati ya vidung'ata weupe, wazo la kwanza ni kwamba amejigeuza afanane nao ili awale bila kustukiwa. Chui kavaa ngozi ya kondoo. Hadithi hiyo inavutia, na nimesikia watu wengi wakiisimulia kwa uhakika. Ina udhaifu mmoja: imemweka kidung'ata kuwa msomaji, na kidung'ata si msomaji wa aina hiyo. Akishachomeka mdomo wake kwenye jani hutulia, na akitafunwa hana pa kukimbilia. Hakuna haja kubwa ya kumdanganya.

Anayepaswa kudanganywa, au kuzuiwa, ni mlinzi. Vidung'ata, vidukari na vidugamba hutoa umajimaji mtamu, na chungu huwachunga kwa ajili yake. Pwani yetu mlinzi mkali kuliko wote ni majimoto, wale chungu wekundu wanaoshona majani kuwa viota na kumshukia mchuma embe kwa pamoja. Mapema katika miaka ya 1950 mtafiti Michael Way aliwachunguza kwa makini huko Zanzibar, juu ya mikarafuu, na kueleza uhusiano wao na kidugamba mmoja wanayemtunza. Penye ulinzi wa namna hiyo, buu mlaji asiye na ganda anaingia katika boma lenye askari. Majaribio yaliyofanywa kwa mabuu ya Scymnus yameonyesha kwamba aliyevuliwa nta hushambuliwa na chungu zaidi kuliko aliyeachwa nayo. Chungu aking'ata nyuzi hizo, nta humganda mdomoni, naye hulazimika kurudi nyuma na kujisafisha. Wakati huo buu anaendelea kula.

Hivyo weupe ule ni ngao kwanza. Kama pia unamfanya afanane na mawindo na kumchanganya mlinzi, hiyo ni faida ya ziada, na sitaikataa. Lakini kufanana si kuigana. Kidung'ata ana nta kwa sababu zake: imkinge na ukavu, imkinge na maji, imkinge na baadhi ya maadui. Buu ana nta kwa sababu zake. Wote wawili ni wanyama laini wanaoishi mahali palepale na kukabiliwa na mashaka yanayokaribiana, na kila mmoja akatengeneza jibu kutoka mwilini mwake.

Nasisitiza jambo hili kwa kuwa uhakiki wetu umewahi kujikwaa hapohapo. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wako waliotazama mistari isiyo na vina wakasema ameiga Wazungu, na mjadala ukafungwa kwenye kufanana. Swali lililofaa kuulizwa ni lile tunalomuuliza buu: mistari hii iliyovuliwa urari inafanya kazi gani hapa ilipo, na inakabiliana na nini? Unaweza kulijibu vibaya au vizuri, ukapenda mashairi yale au usiyapende, lakini angalau utakuwa unasoma. Mwenye kusema «ameiga» ameona weupe mara mbili akadhani ni mnyama mmoja.

Na mkulima anayeona weupe mara mbili akadhani ni mnyama mmoja hulipa kwa fedha. Anapanda basi, anashuka Kariakoo, anaingia duka la pembejeo. «Kaka, mipapai yangu imejaa vitu vyeupe, nipe dawa kali.» Anapewa chupa.

Chupa hiyo nayo ina fani yake, tena iliyobuniwa kwa uangalifu. Chini ya lebo kuna utepe wa rangi: nyekundu kwa sumu kali kabisa, kisha njano, kisha bluu, kisha kijani. Juu yake kuna picha ndogondogo kwa ajili ya asiyesoma maandishi: glavu, buti, maji ya kunawa, chupa iliyofungiwa mbali na mtoto. Wekundu wa utepe unasema kile kile ambacho wekundu wa mbawakawa unamwambia ndege, na unategemea kitu kilekile, yaani kwamba msomaji ana kumbukumbu ya kuunganisha rangi na madhara. Asiyefundishwa hushika chupa nyekundu kwa mikono mitupu, kama kinda la ndege. Na dawa ikimiminwa kwenye chupa ya maji ili mwenye fedha kidogo apate kipimo cha kumtosha, utepe unabaki dukani na sumu inaondoka bila rangi yake.

Tanzania ina mamlaka ya kusajili na kudhibiti bidhaa hizi, TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, na lebo ni sehemu ya kazi hiyo. Sina ugomvi na kilichomo kwenye lebo. Ninaangalia wahusika waliotajwa. Mtumiaji yumo, mtoto yumo, samaki na mifugo huwemo katika picha za onyo. Mharibifu anatajwa kwa jina lake. Asiyekuwemo ni yule wa tatu aliyekuwa tayari kazini shambani. Inapoandikwa kwamba dawa ina wigo mpana, hayo yanatolewa kuwa sifa, na ndani ya sifa hiyo mbawakawa wa milimita 2 na mabuu wake wa nta wamekwisha kuhesabiwa pamoja na wanaowala. Katika utungo wowote, mhusika aliyeachwa nje huacha pengo, na hapa pengo linaonekana wiki chache baada ya kupulizia, pale vidung'ata waliosalia kwenye mikunjo ya majani na chini ya nta yao wanapozaliana upya na hakuna wa kuwapunguza.

Sitaki kumkweza mbawakawa kupita kiasi chake. Kidung'ata wa mhogo, aliyegunduliwa Afrika mapema katika miaka ya 1970 huko Kongo na kufika Tanzania katika miaka ya 1980, hakushindwa na mbawakawa. Alishindwa hasa na nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi, aliyeletwa kutoka Amerika Kusini na taasisi ya IITA katika mradi ulioongozwa na Hans Herren. Kuachiliwa kwake kulianza Nigeria mwaka 1981. Mbawakawa walikuwemo katika vita ile, wenyeji na wa kuletwa, wakiwemo wa jenasi ya Hyperaspis ambao mabuu wao nao huvaa nta. Kasoro yao iko katika tabia: wanahitaji mawindo mengi, hufika vidung'ata wakishajaa, na wakipungua huondoka kutafuta kwingine. Nyigu anaweza kumtafuta hata kidung'ata mmoja aliyejificha. Kila mmoja ana sehemu yake, na dawa ya wigo mpana haichagui kati yao.

Je, basi lebo iongezewe picha ya buu mweupe? Nililipenda wazo hilo, na bado silitupi. Lakini nikilirudia umbo lenyewe naona picha itashindwa mahali muhimu. Ichore nta, na umechora kidung'ata. Refusha nyuzi kidogo, na mkulima asiye na lenzi hataona tofauti. Kwenye picha iliyotulia wanyama hawa wawili wanakaribia kuwa kitu kimoja, na hata mfano uliokaushwa na kuwekwa makumbusho hausaidii sana, kwa kuwa nta hukatika na kilichowatenganisha hakimo tena.

Kinachowatenganisha ni mwendo. Kidung'ata jike aliyekomaa ametulia. Ukimgusa kwa ncha ya kijiti husogea kwa uzito, au hasogei kabisa. Buu ana miguu sita anayoitumia kweli. Ukimgusa anaondoka, nyuzi zinatikisika, anavuka mshipa wa jani, anasimama penye kidung'ata mwingine, anaanza tena. Alama zote tulizozipitia, rangi, pindo, kinyweleo, kuba, nta, zinaweza kuchorwa. Hii haichoreki. Ni ya wakati, kama mahadhi yalivyo ya wakati: ukiyaandika karatasini unabaki na maneno tu. Lebo haiwezi kuyabeba hayo, kwa hiyo yanambidi mtu ayaseme kwa mdomo, na mtu aliye mahali pazuri pa kuyasema ni muuzaji wa pembejeo, anapoombwa dawa kali, kabla mkono wake haujaifikia rafu. «Kaka, hivyo vyeupe ulivigusa? Vilitembea?» Mkulima akisema vyote vimeganda, biashara iendelee, na dawa iwe ile isiyo ya wigo mpana. Akisema viko vilivyokimbia, aambiwe arudi shambani, asubiri siku chache bila kupulizia, na akague chini ya majani yaleyale kama vidung'ata wamepungua.